Lebo ya Vichekesho

Jumatatu, 8 Septemba 2025

Naandika kwenye daftari la karatasi. Simu siiamini tena.

Leo nimempeleka Mama kwa daktari wa ubongo, hapa hapa mjini Ruse. Mama kajibu maswali kwa madaha, kamsifia daktari hereni zake. Huu ni mwaka gani? "Kwani wewe huna kalenda, mwanangu?" Daktari Karaivanova kacheka. Kisha kanigeukia mimi. Anataka kujua kusahau huku kulianza lini. Kidogo kidogo, au ghafla, baada ya jambo fulani? Tarehe ishirini na tano nimletee orodha ya matukio na tarehe zake.

Nikajibu kwa majivuno: ninayo yote. Nilianza kuandika vuli ya 2022 kwa ajili ya presha yake, kisha nikaandika kila kitu. Maandishi elfu moja mia tatu na kumi na mawili kwenye simu!

Nimefika nyumbani, nimefungua. Yote yana tarehe moja. 11 Juni 2025 — siku niliyobadilisha simu. Programu imehamisha maneno, tarehe imezitupa. Mama kaanguka bafuni: 11 Juni. Mama kasahau jiko linawaka: 11 Juni. Theluji imefika dirishani: 11 Juni!

Nimekaa jikoni na koti mwilini. Sijui muda gani.

Jumanne, 9 Septemba

Kazini kutwa naorodhesha vitabu vya maktaba: mwandishi, mwaka, mada. Nyumbani naanza upya, na kitabu ni Mama.

Na hizi lebo! Nani kaziweka? "mama". "Mama". "mama afya". "mamaa" — hiyo bila shaka niliiandika nikiwa kwenye foleni. "dawa" na "madawa". Kwa programu kila moja ni mtu mwingine. Mama mmoja, kagawanywa vipande kumi na tisa.

Nimeziunganisha zikabaki tano, na nyingine chache sijazifungua. Kila andishi nimeliwekea visanduku vitatu: tarehe, mahali, nani alisema. Vyote vitupu.

Alhamisi, 11 Septemba

Natafuta tarehe ndani ya maneno. "Mayai mekundu" — Pasaka. "Tumechoma pilipili hoho" — Septemba. "Mama kanifunga uzi mweupe na mwekundu mkononi" — mila yetu ya mosi Machi, lakini ya mwaka gani? Nasema mle kwamba jino linaniuma. Basi nikaanza kutafuta cheti cha daktari wa meno. Saa mbili nzima, maandishi thelathini na nane tu yamepata tarehe. Jamani.

Ijumaa, 12 Septemba

Ogi kapiga kutoka Varna. Ognyan, mdogo wangu. Anataka kumchukua Mama tena Novemba, akae kwake mpaka Machi.

Sitaki! Alishamchukua majira ya baridi ya mwaka juzi. Miezi mitatu, ghorofa ya tisa, Mama peke yake kutwa nzima mpaka Ogi arudi kutoka kazini. Aliyerudi Februari 2024 hakuwa yule aliyeondoka. Nimelisema hili mara mia. Leo nimelisema tena.

"Umemgeuza Mama kitabu cha maktaba," kaniambia. "Bado kumpiga muhuri tu."

Nikamwambia tarehe zitasema.

"Na tarehe anaziweka nani, dada?"

Nikamkatia simu.

Jumapili, 14 Septemba

Tumechoma pilipili hoho uani. Mama kamenya ndoo nzima wakati mimi sijafika nusu. Mikono yake haijasahau kitu. Halafu kauliza Baba mbona hajaja kula. Baba alikufa miaka kumi na mmoja iliyopita.

"Yuko njiani," nikasema.

Sikuandika kwenye simu. Nimechoka kumwandika.

Jumatano, 17 Septemba

Kuna lebo nilikuwa nimeisahau. "vichekesho". Maandishi arobaini na moja.

Rimoti ndani ya friji, kando ya jibini. Mama kamwita muuza mkate "baba padri" na kumbusu mkono. Nilikuwa nawasomea wenzangu kazini wakati wa kahawa. Tulicheka hadi machozi. Nakumbuka kabisa tulivyocheka.

Kisha hili: "Mama kaniita Rada, mara mbili, tukiwa kwenye ngazi tunachuma cheri. Nimeitika!" Rada ni marehemu dada yake.

Cheri huiva Juni. Mti ule tuliukata vuli ya 2023, na kuandika nilianza vuli ya 2022. Katikati ipo Juni moja tu.

Juni 2023. Miezi sita kabla ya Varna.

Nimehesabu kwa vidole, mimi mwenye digrii. Nimehesabu tena.

Ijumaa, 19 Septemba

Bora ningeishia pale. Leo nimefungua lebo ya "ugomvi". Nanukuu neno kwa neno:

"Ogi kapiga. Eti Mama kamuuliza jambo moja mara nne kwenye simu, eti nimpeleke kwa daktari. Nimemwambia aache kunifundisha. Nesi wa kwenye simu! Nimerudi kumalizia cheri."

Cheri zile zile. Juni ile ile.

Aliona kabla yangu. Akaniambia. Mimi niliyelala chumba cha pili na Mama nikamtukana, kisha nikambandika lebo.

Tarehe iko tupu. Ni mimi peke yangu ninayejua ule mti ulikatwa lini. Mama hakumbuki, Ogi hakuwepo. Nikiandika 2024 hakuna atakayeuliza. Nikilifuta, halikuwepo. Kidole kilikaa juu ya kioo mpaka kioo kikazima.

Mama kaita kutoka sebuleni: nani yuko huko?

"Ni mimi, Mama."

"Mimi nani?"

Jumatatu, 22 Septemba

Sikukuu ya uhuru. Bendera madirishani. Simu sijaigusa.

Jumatano, 24 Septemba

Nimechapa. Kurasa sita, ya karibuni mbele na ya zamani nyuma, ndivyo programu inavyopanga. Mstari wa chini kabisa: tarehe, Juni 2023. Mahali, kwa simu. Nani alisema, Ognyan. Niliandika jina lake zima.

Nimempigia aje kesho.

"Kuna nini?"

"Njoo tu."

"Dada, Mama yuko salama?"

"Yuko salama. Njoo."

Alhamisi, 25 Septemba

Kwenye korido, benchi la plastiki. Daktari katutoa nje, Mama yuko ndani anachora saa, ndicho kipimo chao cha kumbukumbu. Naandika ili nisimtazame Ogi.

Kaja na basi la alfajiri. Kazeeka. Kaleta boksi la vitafunio vitamu, baklava, kama mgeni. Kazichukua karatasi mkononi mwangu: "Haya, tuone mashtaka yangu."

Ukurasa wa kwanza kaupitia haraka. Wa pili kaguna. Kwenye rimoti na jibini kacheka kwa pua, na mimi nikacheka, nesi katuangalia. Wa nne ni Varna. Yale yote niliyoandika juu ya ghorofa ya tisa. Shingo imekuwa nyekundu. Nilitaka kumwambia aendelee, asiishie hapo. Nikainamia daftari.

Mama anasikika ndani, anamuuliza daktari kama ana watoto. Anauliza tena.

Wa tano.

Wa sita una mistari minne tu. Anausoma. Kavua miwani, kaifuta kwa shati, kaivaa. Anausoma tena, kidole chini ya jina lake.

"Dada," anasema.

Mlango unafunguka. Daktari anatuita wote wawili, na Ogi hajasimama, bado ananiangalia. Nafunga daftari.