Nilipima Mashine Ikiwa Tupu

Mtwara, 16 Septemba 2024

Mpendwa Anti Yustina,

Naomba unisaidie maana nimechoka. Mimi ni fundi katika kiwanda cha kubangua korosho, na kaka yangu Shafii, tuliyemzika mwezi wa tano, ndiye aliyeandika programu ya kusimamisha kisu cha mashine mkono wa mtu ukiingia, nayo inatakiwa ikisimamishe ndani ya milisekunde ishirini, kabla kope haijafumba, hata siku iliyo mbaya kuliko zote, lakini alifariki kabla hajaikokotoa siku hiyo mbaya, basi mwezi wa saba nikapima mimi, mara elfu moja, haikuzidi kumi na mbili, nikasaini fomu ya usalama, ila nilipima mashine ikiwa tupu kwa sababu korosho za msimu zilikuwa bado.

Shafii alikuwa akinifundisha huku anamenya muhogo: "Nasra, usiniambie kutoka Naliendele mpaka bandarini huwa unatumia dakika ngapi. Niambie siku malori ya korosho yameziba barabara."

Juzi nilifuata daftari lake, nikajumlisha hatua kwa hatua: korosho zikikwama, mota ikipata joto, na mkono ukaingia wakati huohuo, programu inaushughulikia mkono mwisho. Inafika milisekunde ishirini na sita. Nilipomwambia meneja, akanijibu, "We mama, mara elfu hazikutoshi? Unataka kumwaibisha marehemu?" Mashine inawashwa Jumatatu ijayo, na mfanyakazi mwenzangu Farida na wenzake ndio watakaoilisha korosho. Nikisema, Shafii ataonekana aliacha kazi mbovu. Nikinyamaza, silali. Unikumbuke katika dua, na yeye pia.

Nasra

*

Nasra mdogo wangu,

Pole. Msiba wa kaka hauishi kwa arobaini. Lakini fomu ile ulikosea, na nisipokuambia nitakuwa nakudanganya. Ulisaini kwamba siku mbaya ni salama, kumbe ulipima siku nzuri mara elfu. Na usijifiche nyuma ya marehemu: yeye aliacha kazi haijaisha, wewe ndiye uliyeandika kwamba imeisha.

Kesho asubuhi peleka barua ya kufuta saini yako, na hesabu zako ziambatane nayo. Nakala ipeleke kwa mkaguzi wa usalama kazini, ugongewe muhuri. Dai programu ibadilishwe, mkono ushughulikiwe kwanza, kisha ukokotoe upya. Halafu kaa na Farida na wenzake, uwaambie kwa mdomo wako kwa nini wasiiguse mashine hiyo. Meneja atanuna wiki mbili, mwache anune. Kidole kikikatwa hakioti.