Pampu ya Mama Kabula

Jumatatu, 3 Machi
Kliniki ya kifua, Kagongwa. Foleni mpaka nje. Wa mwisho Mama Kabula kutoka Bugarama. Kaponda mawe ya dhahabu miaka mingi, anapikia kuni. Njia za hewa zimeziba, anahema hata akikaa.
Majibu ya damu: eosinofili, aina ya seli nyeupe, ziko juu sana. Seli hizo zikiwa juu, steroidi ya kuvuta, dawa ya kutuliza uvimbe kifuani, mara nyingi husaidia. Zikiwa chini, unaweza kumletea mtu nimonia bure. Huyu itamfaa. Naamini.

Jumanne, 4 Machi
Daktari Masanja, mkuu wangu, hakubali. Anasema ni vumbi na moshi, steroidi haitagusa kitu. Nimebishana naye. Kanipa wiki mbili nimwonyeshe dalili ya nafuu. Mama Kabula kaondoka na pampu yake ya steroidi.

Jumanne, 18 Machi
Karudi. Kapuliza kipimo cha nguvu ya pumzi. Kishale palepale. Daktari Masanja kanitazama, akafunga faili. Afadhali angenikaripia.

Jumatano, 19 Machi
Nimempigia simu Mama Kabula. Shikamoo, marahaba, habari za watoto. Kisha nikamwomba anieleze anavyoitumia pampu.
“Daktari, usinikasirikie. Jirani kaniambia ukiizoea huwezi kuiacha. Naivuta nikizidiwa tu.”
Kumbe dawa bado haijajaribiwa! Nimecheka kwa nafuu. Halafu nikajiona mjinga. Sikuwa nimemuuliza.

Alhamisi, 20 Machi
Kaja tena. Tumekaa pamoja saa nzima. Avute asubuhi na jioni, hata akijisikia mzima, kisha asukutue mdomo. Kanionyesha mwenyewe, bila kukosea. Nimemwomba mkuu wiki nne nyingine. Kakubali kwa shingo upande.

Alhamisi, 17 Aprili
Kishale kimeruka! Daktari Masanja kamrudisha apulize mara tatu. Mara tatu kimeruka. Akamwambia, “Mama, endelea na hiyohiyo.” Akatoka. Akarudi na faili la mgonjwa mwingine, akaniuliza damu ya huyu inasemaje.
Nimeingia stoo ya dawa nikacheza peke yangu.

Jumatatu, 21 Aprili
Sikukuu ya Pasaka. Nimefua. Nimelala mchana. Mama Kabula kapiga simu kunitakia heri, anapanda mlima kwenda kwa dada yake, anaongea huku anatembea. Tumezungumza mvua, tukazungumza mihogo. Sikumuuliza kifua. Nilisikiliza tu hatua zake kwenye changarawe, hazikusimama.