Ini la Mwenye Nyumba

Jumapili, Mshangano

Na bado anajisifu! Asubuhi mume wangu ametoka chooni kifua mbele: "Mama Tumaini, mkojo wangu leo njano kabisa. Dawa imeingia mwilini."

Kama imeingia, iliyotoka ni nini?

Tangu biashara iwe ruksa, kule mtaa wa Majengo kila kona kuna duka la dawa, na kila duka linamjua. Juzi kanunua vidonge vya vitamini B, eti vinaongeza nguvu. Nguvu za kufanya nini, sijui.

Mwenye shida ni Tumaini. Pembe za mdomo zimechanika, akila ugali analia, na anakonda. Naogopa. Nesi alisema amepungukiwa riboflavini, moja ya hizohizo vitamini B, nimpe maini, mayai, maziwa. Nikamweleza baba yake. Akacheka: "Tangu lini mtoto akala ini la kuku? Ini na firigisi ni vya mwenye nyumba."

Mila! Kula inajua, kuuguza haijui.

Leo tumechinja jogoo. Ini nimempa Tumaini kulekule jikoni, akalamba hadi vidole.

Mezani baba yake akafunua bakuli, akakoroga mchuzi. "Ini langu liko wapi?"

Nikamwekea vidonge vyake viwili kando ya ugali. Karibu, mwenye nyumba.