Jumapili ya Pointi Mia

Toledo, Ohio
Alhamisi, 13 Desemba 1984

Mama yangu mpenzi,

Nakusalimu kwa heshima na mapenzi yote. Natumaini mgongo umekupa nafuu wiki hii, na kwamba wale wenzako wa jikoni pale shuleni wamekubali kubeba masufuria mazito wao wenyewe kama mlivyopatana. Sisi huku tu wazima. Mimba ya Vernita imeingia mwezi wa saba, na anasema huyu wa safari hii anapiga mateke kuliko dada yake. Denise ameota jino la tatu na anauma kila kitu, hata viatu vyangu.

Najua umepiga simu mara nne tangu Jumapili, na mara zote nne Vernita amekwambia nimelala. Sikuwa nimelala, Mama. Nilikuwa nimekaa kando ya simu, namfanyia ishara ya mkono. Usimlaumu, mimi ndiye niliyemsihi. Yapo mambo ambayo nikiisikia sauti yako sitaweza kuyafikisha mwisho, ndiyo maana nimeshika kalamu.

Timu ya Louisville ilifika hapa Jumamosi mchana, na Rudell akaomba ruhusa aje kula kwetu. Vernita alikaanga kambare, akapika mboga za majani na mkate wa mahindi kwa namna uliyomfundisha wewe. Rudell alikula sahani tatu huku akinitania mbele ya mke wangu: "Shemeji, mlishe vizuri huyu. Kesho ana mbio nyingi za kunifuata kwa nyuma." Nikamwambia ale taratibu, maana mtu aliyeshiba haruki. Tulicheka kama tulivyokuwa tukicheka kwenye kile chumba chetu cha chuoni, miaka ile minne aliyokuwa akija kwako kila likizo kwa sababu hakuwa na mama wa kumrudia.

Lakini nilikuwa nimemwona alivyopanda ngazi za barazani, ameshika mbao za pembeni na kuuvuta mguu wa kushoto. Tulipobaki wawili jikoni tunaosha vyombo, nikamuuliza. Akaenda kufunga mlango kwanza. Akaniambia goti limekwisha. Kila Alhamisi anakwenda kwa daktari mmoja asiye wa timu kutolewa maji kwa sindano, na kwenye timu yake hakuna anayejua limefikia wapi. Wakijua kabla msimu haujaisha, hawatampa mkataba mwingine. Alisema, "Alvin, hili nimekwambia wewe tu. Hata mke wangu halijui lote." Nikamwambia limeishia pale pale, kwenye beseni la vyombo.

Jumapili theluji ilianguka tangu asubuhi, ile theluji ya majimaji inayogeuza uwanja kuwa tope. Watu walidhani hali ile itawafunga mikono warusha mpira, kumbe ilitufunga miguu sisi walinzi. Wewe mchezo huu unaujua kuliko wanaume wengi wa huko kwetu Greenwood. Umeutazama kwenye mabenchi ya mbao tangu nina miaka tisa, na unajua kwamba kazi yangu ni moja: kumfuata mpokeaji wao hatari popote aendapo, na akiudaka mpira nimwangushe kabla hajavuka mstari wetu wa mwisho. Mpokeaji huyo alikuwa Rudell, na katika nusu ya kwanza alivuka mstari mara tatu, zote nikiwa mimi ndiye ninayemlinda.

Ya kwanza alinihadaa kwa bega tu, nikaenda kulia naye yuko kushoto. Ya pili nilikuwa naye ubavuni, mkono wangu juu ya mkono wake, na bado aliudaka kwa vidole. Akaniinua kutoka kwenye tope akisema, "Pole, ndugu yangu. Hizo ni salamu zako kutoka Louisville." Ya tatu sikumgusa kabisa. Nyuma ya benchi letu alikuwepo mtu mmoja mwenye sauti kama honi ya lori, akawa hanyamazi: "Pettway! Mgongo wake umeshauona vya kutosha, sasa mwombe akuonyeshe na uso!" Watu wakaangua kicheko. Watu wetu, Mama, waliovaa rangi zetu.

Kilichotuweka hai ni wenzetu wa mashambulizi. Kila Louisville walipofunga, wao walirudisha. Saba kwa saba, kumi na nne kwa kumi na nne, ikawa hakuna mtu uwanjani anayekaa kwenye kiti chake. Tulikwenda mapumziko Louisville wana thelathini na moja, sisi ishirini na nane. Yaliyosemwa mle chumbani wakati wa mapumziko nitayarudia, Mama. Nipe nafasi kidogo.

Nusu ya pili ilikuwa na hasira nyingine. Robo ya tatu ilipoanza tu, Rudell aliudaka mpira mfupi katikati, na Kessler, yule mlinzi wetu mwenye shingo kama gogo, hakumkamata kiunoni wala kifuani. Alijirusha chini kabisa na kuliparamia goti la kushoto kwa kofia yake ngumu. Nilisikia mlio aliotoa Rudell. Walimtoa ameegemea watu wawili. Kessler aliponipita, alinipiga kofi begani.

Tulidhani amemalizika, lakini robo ya nne akarudi, goti limefungwa bandeji nene kama mto wa mtoto. Wakati huo tulikuwa tunaongoza kwa pointi arobaini na tano kwa thelathini na nane. Alisimama mbele yangu akisubiri mpira uanze, mvuke ukimtoka puani, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mbona leo wote wananijia chini? Hata wewe umeliona hilo?" Nikamwambia ni tope, watu wanateleza. Akaitikia kwa kichwa, akanikubalia. Mpira ulipoanza tu, akaudaka na kufunga ya nne, anakimbia kama mtu anayeruka mashimo. Arobaini na tano kwa arobaini na tano.

Sisi tukapata tatu kwa teke, ikawa arobaini na nane. Zilikuwa zimebaki sekunde kumi na tisa. Louisville walikuwa mbali, kama yadi arobaini kutoka kwenye mstari wetu, na uwanja mzima ulikuwa umesimama unapiga kelele hadi nikawa sisikii pumzi yangu mwenyewe. Mrusha mpira wao alirudi nyuma, akakwepa watu wetu wawili, akamtupia Rudell katikati. Wenzangu wawili waliokuwa karibu waligongana na kuanguka. Mbele ya Rudell nilibaki mimi peke yangu, na nyuma yangu hakuna kitu.

Alinijia moja kwa moja. Kwa ule mguu hakuwa na nguvu ya kunizunguka. Nami nilikuwa nimeshainama, na kwa jinsi nilivyokaa, kitu pekee ambacho bega langu lingekipata ni goti lile, wakati ameukanyagia mguu wote chini. Nilimsikia Kocha Stroebel kutoka pembeni akipaza sauti, "Chini! Chini, Pettway!" Halafu nikaanguka kifudifudi kwenye theluji, na Rudell akanipita, akachechemea hadi ng'ambo ya mstari. Teke lao la mwisho likaingia, ikawa hamsini na mbili kwa arobaini na nane. Pointi mia moja kamili. Hapa mjini wanasema haijawahi kuonekana mechi kama ile, na hata watu wetu waliofungwa wanaisimulia kwa furaha.

Magazeti yaliandika kwamba niliteleza. Vernita ameniambia kwamba na wewe ulisimama kanisani Jumatano, ukamkatisha Shemasi Boykin maneno, ukasema uwanja ule ulikuwa barafu tupu na hata mbuzi angeteleza.

Mama, sikuteleza. Nilimwachia. Nilikuwa na goti lake mbele ya bega langu, nikajitupa pembeni kwa makusudi. Kocha Stroebel alilijua hilo Jumatatu. Aliurudisha mkanda wa mechi mara nne mbele ya walinzi wote, hatua ile ile. Jumanne nilikuta kabati langu limesafishwa na vitu vyangu vimewekwa kwenye mfuko. Kwa hiyo sina timu. Najua utasema kazi nyingine ipo, na huenda ukaona fahari pia. Tafadhali usione fahari bado. Soma hadi mwisho.

Mechi ilipokwisha, Rudell alinitafuta kati ya wale watu wote waliomwagika uwanjani. Alinikumbatia hadi kofia zetu zikagongana. Alikuwa analia. Aliniambia, "Ulikuwa nalo, ukaliacha. Nimekuona. Nisalimie Mama, umwambie alizaa mtu." Hizo ndizo salamu nilizotumwa, na ndizo zilizonifanya nikimbie simu yako siku nne. Siwezi kukufikishia salamu hizo bila kukwambia lingine.

Wakati wa mapumziko Kocha Stroebel alinisimamisha katikati ya chumba kama mwanafunzi. Alisema mke wangu mjamzito angemkimbiza Rudell vizuri zaidi. Wenzangu walicheka. Kisha akanisogelea, akapunguza sauti, na nadhani upole ule ndio ulionivunja. Aliniuliza, "Mmelala chumba kimoja miaka minne. Kitu kimoja tu, Pettway. Nipe kitu kimoja anachokiogopa."

Nami nikasema, "Goti la kushoto."

Hakunishika koo, Mama. Hakunilazimisha. Maneno matatu, na niliyasema haraka, kama mtu aliyekuwa akingoja kuulizwa. Nimejaribu kujidanganya kwamba ni kwa ajili ya Vernita na watoto. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimechoka kuchekwa. Nilitaka Rudell naye aanguke mara moja, mbele ya watu wale wale. Kocha akageuka, akawaambia wote, "Mmesikia." Ndiyo maana Kessler alinipiga lile kofi begani, la kunishukuru. Na Rudell aliponiuliza kwa nini wote wanamjia chini, nilimtazama machoni nikamwambia ni tope.

Jumanne walimpasua goti. Jana niliendesha gari hadi Louisville, saa tano njiani, nikirudia maneno yangu, na nilipofika yote yalikuwa yamenipotea. Alifurahi kuniona. Alimwambia mkewe aniletee kiti, akawaita wauguzi akinitambulisha kwao: "Huyu ndiye yule ndugu yangu niliyewaambia." Mkewe alipotoka, nikamwambia. Nilimwambia lote, pamoja na kicheko cha wale wenzangu na jinsi nilivyoharakisha kusema.

Hakufoka. Afadhali angefoka. Aliutazama mguu wake uliotundikwa. Akaniuliza kama nilisema kabla au baada ya ile ya tatu. Nikasema baada. Akacheka kidogo kwa pua, kicheko kisicho na raha, akasema, "Kumbe ningekuachia moja." Halafu akaniuliza, "Mama anajua?" Nikasema bado. Akasema, "Basi mwambie mwenyewe. Krismasi nakwenda kula kwake, daktari amesema kufikia hapo nitatembea kwa magongo. Sitakaa mezani kwake nikimficha kitu." Nikamuuliza kama na mimi nije. Akageuzia uso ukutani, akanijibu, "Nyumba si yangu. Muulize mwenye nyumba."

Daktari wake aliniambia koridoni kwamba atatembea vizuri. Kuhusu kucheza, alinyanyua mabega tu. Sijui ni pigo la Kessler au ni yale maji ya kila Alhamisi. Hakuna atakayejua, na ndiyo sehemu inayonikosesha usingizi.

Kwa hiyo nakuuliza wewe. Rudell atakuja, hilo halina shaka. Ukiona ni bora mimi na Vernita tubaki huku mwaka huu, sema tu, sitauliza sababu na sitapungukiwa na mapenzi. Ukiona nije, nitakuja, nami nitakaa popote utakaponionyesha. Ila usinijibu kwa simu. Niandikie, ili kama jibu ni hapana nilisome nikiwa peke yangu.

Msalimie Shangazi Ozella na umwambie dawa yake ya miguu Vernita ameipata na ataituma. Wasalimie wanakwaya wote. Shemasi Boykin nitamwandikia mimi mwenyewe juu ya ile barafu, usihangaike kumrudia. Denise anakubusu kwa hayo meno yake matatu.

Ni mimi mwanao,

Alvin