Perege Wanakufa, Kambale Wanaishi

Namkwale,
4 Oktoba 1975

Dada Sabina, shikamoo.

Huku wazima, ila mama anasumbuliwa na goti. Shemeji na watoto hawajambo?

Perege wa bwawa letu wanakufa. Kila alfajiri tunawakuta wanaelea, midomo wazi, na maji yamekuwa meusi, yananuka. Unajua mimi ndiye mwenyekiti wa kikundi cha uvuvi, na tangu tuhamishiwe hapa kaya mia mbili, kitoweo chetu ni bwawa hilo. Watu wanasema Mzee Inasio ametia utupa, ile sumu ya majani. Eti kwao ng'ambo ya Ruvuma walivulia huo. Athumani wa lori anakuletea chupa ya maji. Ipeleke kwa bwana samaki hapo mjini.

Mdogo wako,
Erasto


Rahaleo,
13 Oktoba 1975

Mdogo wangu Erasto, marahaba.

Hatujambo. Mama akande goti kwa maji ya moto.

Bwana samaki aliinusa chupa, akacheka. "Chupa hii hainiambii kitu, mama. Kambale nao wanakufa?" Nikasema sijui. Akasema utupa hauchagui. Huua kwa saa chache, kisha basi. Lakini kama perege wanakufa kila siku na kambale wanaishi, maji yamekosa hewa, maana kambale huja juu kuvuta pumzi. Akauliza tena, "Wanavundika mihogo humo? Ikioza humaliza hewa ya maji."

Nijibu yote mawili. Na Mzee Inasio msimguse kwanza. Ndiye aliyetufundisha kuogelea, mimi na wewe.

Dada yako,
Sabina


Rahaleo,
24 Novemba 1975

Erasto, hujambo? Mama anaendeleaje?

Wiki sita sijapata jibu. Jana Amelia, binti yake Mzee Inasio, alinijia kazini. Wazazi wake wako kwake, chumba kimoja, wamekuja na mkeka na sufuria mbili. Anasema mkutano wa kijiji ulimfukuza baba yake, na aliyesoma mashtaka ni wewe.

Barua yangu ilikufika?

Dada yako,
Sabina


Namkwale,
9 Desemba 1975

Dada, shikamoo. Mama anatembea sasa.

Ilifika, siku mbili kabla ya mkutano. Niliisoma, nikaitia mfukoni.

Kambale hakufa hata mmoja. Na mihogo ilikuwa humo, magunia kwa magunia. Zamani kina mama walivundika kwenye mashimo ya bondeni. Mimi ndiye niliyewaambia walete bwawani, wasitembee mbali. Siku ile walinipigia makofi. Ningesimama vipi kuyasema hayo?

Mzee Inasio hakujitetea sana. Alisema, "Erasto, wewe unanijua." Basi.

Ameondoka, na perege bado wanakufa.

Mdogo wako,
Erasto


Rahaleo,
2 Januari 1976

Mdogo wangu, mwaka mpya umetukuta wazima.

Hayo si ya kuniambia mimi. Kawaambie waliokupigia makofi. Kisha uje mwenyewe kwa Amelia. Mimi sikusemei.

Dada yako,
Sabina


Namkwale,
21 Machi 1976

Dada, shikamoo. Mama anakusalimu sana.

Asante kwa chakula cha siku ile nilipokuja kwa Amelia. Ulikuwepo, uliona: Mzee Inasio alinisikiliza mlangoni hadi mwisho, halafu akafunga mlango.

Kwenye mkutano nilisema yote. Waliniondoa uenyekiti, na ni haki yao. Mihogo imerudi bondeni, mvua imelijaza bwawa, maji hayanuki tena. Juma lililopita wazee wa kijiji walimfuata Mzee Inasio kwa lori la Athumani, akarudi na mkewe, mama Esperanca. Wakampa uenyekiti wa kikundi, akakataa.

Leo asubuhi nimemkuta bwawani. Nikampa shikamoo. Hakuitikia. Nilipogeuka niende zangu, akasema, macho yake majini, "Usipite hapo kando. Perege wamechimba viota, wanataga."

Nikavua viatu nisiwashtue, nikazungukia kwa juu.

Mdogo wako,
Erasto