Namba Sita za Mama Mukandoli

Jumatano, 1 Januari 2025
Heri ya kuzaliwa kwangu! Na ya Dafroza dada yangu, na ya mama yetu Mukandoli, na ya nusu ya kanisa. Sisi wa kambi ya wakimbizi wote tulizaliwa tarehe moja mwezi wa kwanza – bwana wa makaratasi alikuwa na haraka, katuandikia wote siku hiyo. Hapa Columbus, Amerika, mtaa wa Morse Road peke yake, keki ya kututosha ingehitaji lori.

Na zawadi yangu kwa watu wote: app ya Sauti imefunguka! Mimi Theogene wa darasa la nane, mpakia maboksi, nimejenga kitu ambacho wenye tai wanakisomea miaka minne. Watu wetu wa Louisville, Columbus na Buffalo wanarekodi sauti zao humo, kila mtu na chumba chake. Database niliyochagua haina mistari kama daftari la ofisi. Kila mtu ana waraka wake. Mwenye majina matano, karibu. Mwenye moja, karibu. Watu wetu hawaingiagi kwenye mistari, nawajua.

Namba ya siri nimewapa wote tarehe zao za kuzaliwa, namba sita: siku, mwezi, mwaka. Rahisi! Nani atasahau?

Mama kapiga kutoka Buffalo. Anasema weye haukuzaliwa leo, acha kudanganya watu. Kanitajia siku yangu ya kweli, na mvua iliyokuwa inanyesha. Nilikuwa na kompyuta mapajani. Ndiyo mama, ndiyo mama. Nitaiandika baadaye.

Jumamosi, 4 Januari
Aibu! Donc, yaani, wote tumezaliwa tarehe moja. Ukikisia mwaka tu, umeingia kwa jirani. Louisville mama mmoja kafungua chumba cha mwenzake wa kwaya, kasikia anavyosemwa. Sasa hawasalimiani. Kosa hili Mmarekani hawezi kulifanya hata umlipe.

Nimetengeneza. Kila mtu achague mwenyewe namba sita. Database haiweki namba yenyewe, inaweka unga wake – imesagwa, hairudi tena kuwa hindi. Ukikosea mara tano, mlango unafungwa mpaka kesho. Nimetazama video kumi na moja kazini wakati wa break, fufu yangu imepoa kwenye bakuli.

Jumapili, 12 Januari, Louisville
Pasta kanipa maiki. Nikawaambia: semeni yote yaliyo moyoni, hata mimi fundi siwezi kufungua chumba cha mtu! Makofi.

Kusema kweli, naweza. Amri moja tu, naweka namba mpya kwenye waraka wa mtu, naingia. Lakini "siwezi" ilisikika vizuri kuliko "sitaki".

Nje, Semahoro, mume wa Gloire, kanivuta pembeni. Fundi, nifungulie kile cha Gloire, ni bibi yangu, nijue ananisema nini. Nikamjibu siwezi. Gloire, binti wa mama yetu mdogo, alikuwa nyuma yetu na mkoba wake. Jicho moja limevimba.

Mama kwenye simu: hata weye, mutoto wangu, hauwezi kusikia? Hata mimi, mama. Akacheka. Bon, sasa nitasema.

Jumanne, 18 Februari
Dafroza kapiga saa nne asubuhi. Mama alilala, hakuamka.
Supervisor kauliza kama naweza kumaliza shift. Nikamaliza. Sijui kwa nini nilimaliza.

Jumatatu, 24 Februari
Nimerudi. Tumemzika Buffalo, ardhi ngumu kama zege, theluji imeingia kaburini kabla yake. Niliwachekesha watu kwenye kilio, ndiyo kazi yangu. Kisha nikajifungia bafuni kwa Dafroza, maji nimeyafungulia yapige kelele.

Simu ya mama imebaki na chumba chake wazi. Rekodi arobaini na moja! Alikuwa anasema mchana, sisi wote tukiwa kazini. Aliachia Dafroza neno: siku ya kuondoa kilio mukae wote, mufungue, musikie. Si mbele ya hapo. Basi tunangoja tarehe 29 Machi, siku ya arobaini. Dafroza anaichaji ile simu kama ananyonyesha.

Alhamisi, 20 Machi
Gloire kapiga analia. Amekimbilia kwa rafiki, lakini Semahoro amebaki na simu ya zamani ya Gloire, bado imeingia chumbani mwa Gloire. Anasikiliza yote.

Sikufikiri mara mbili. Kila simu inabeba kibali, na vibali vyote vimetiwa sahihi na ufunguo mmoja wa server. Nikaubadilisha. Vibali vikafa papo hapo. Semahoro nje! Nilijipigia makofi katikati ya maboksi.

Saa nane Dafroza kapiga. Theo, simu ya mama inaomba namba.

Vyote. Niliua vyote. Hata nikirudisha ufunguo wa zamani, ile simu imeshatupa kibali chake.

Ijumaa, 28 Machi, Buffalo
Mtaa wa Lower West Side, nyumba ya Dafroza imejaa. Kanikamata jikoni: weye uko mwenye nyumba, na uko unapiga hodi? Fungua! Nikamwambia polepole: Semahoro amekuja pia. Akiniona nimefungua kimoja, atajua naweza vyote, hata cha Gloire. Dafroza kalia, kisha kakata vitunguu, ili alie bure.

Gloire alisikia nusu. Kaka Theo, niambie tena kwamba hauwezi.
Siwezi, nikasema.

Jumamosi, 29 Machi
Chakula kimeliwa, sala imesaliwa. Simu ya mama mezani, juu ya kitenge chake. Mara tano tu za kujaribu namba. Kesho itafunguka tena, lakini leo ndiyo siku aliyoitaja yeye.

Tarehe ya makaratasi: hapana. Namba alibadilisha kweli, kwa sababu mimi nilimwambia abadilishe. Siku tuliyofika Amerika: hapana. Siku baba alipouawa: hapana. Siku ya kweli ya Dafroza, ambayo yeye anaijua: hapana.

Semahoro mlangoni: fundi, si una kompyuta kwenye begi? Tuone. Gloire anatazama miguu yake.

Dafroza kaniuliza polepole: imebaki mara moja, na yako, Theo? Mama alikuwa anakutajia kila mwaka mpya.

Nimeomba njia ya choo. Niko hapa na daftari hili, nimerudi mpaka ukurasa wa kwanza. Nitaiandika baadaye. Ndivyo nilivyoandika; siku yenyewe haimo. Na mvua. Mvua naikumbuka.

Kule kwetu juu milimani mvua inanyesha miezi tisa ya mwaka.

Dafroza anagonga. Theo? Umeipata? Watu wanangoja –