Milango ya Gahanga Iliyokataa Kufunga

Gisozi, Kigali

Baba yangu, shikamoo.

Kifua kimetulia? Dereva wa lori aliyeniletea ujumbe wenu alisema sasa unakohoa asubuhi tu, nami nikashukuru. Najua macho yako hayasomi tena na Neema binti yangu ndiye anayekusomea, basi nimeandika herufi kubwa. Mimi ni mzima, ila nimechoka. Bega la kulia limeota sugu kama kisigino.

Bado niko kwenye karakana za maseremala, nabeba mbao na kupiga msasa. Hapa ilikuwa desturi kwamba mbao zikishushwa haziguswi na msumeno mpaka Mzee Faustini, seremala mkongwe kuliko wote katika koperative yetu, yaani ushirika, azigonge kwa kidole na kuzitia chaki. Chaki maana yake ubao umekauka. Usio na chaki unangoja, hata wiki tatu.

Mwaka huu vijana wakaleta akili mnemba kwenye simu. Unaipa vipimo vya nyumba, inakuchorea mlango, inapanga mbao zikatweje na kazi aifanye nani. Ni kitu cha ajabu, Baba, sikatai. Lakini walikubaliana juu yake kwenye kundi lao la WhatsApp, na wazee hawana simu hizo. Mimi ninayo ya vitufe. Tulisikia tu kwamba kuanzia mwezi ujao kazi itatoka kwenye simu, na asiyeonekana humo abaki kwake. Mimi sionekani humo.

Kabla mwezi haujafika ikaja kazi ya milango ya nyumba mpya kule Gahanga. Vijana wakaijaribu simu hapo kwanza, ikapanga tukate siku ileile mbao zilipofika. Diane, binti anayeishika hiyo simu, hakuambiwa na mtu kwamba mbao ni mbichi. Mzee Faustini alikaa kwenye benchi lake, chaki mfukoni, akatutazama. Na mimi nilizibeba, Baba. Mbao mbichi ni nzito, bega langu lilijua tangu ubao wa kwanza. Nikanyamaza. Nilijiambia hawakuniuliza, na moyoni nilitaka ile simu iaibike.

Haikupita muda milango ikapinda. Mingi haikufunga kabisa. Mmoja ulifunga, ukakataa kufunguka, mwenye nyumba akatokea dirishani. Lori liliturudishia milango hadi chini barabarani, tukaipandisha kilima migongoni, watu wakituuliza tumebomoa nyumba ya nani.

Mwenyekiti akaita mkutano, safari hii wote, hata sisi wabebaji. Diane alimgeukia Mzee Faustini, machozi yakimlengalenga.

"Muzehe, uliona mbao ni mbichi?"

"Niliona."

"Mbona hukusema?"

"Hamkuniuliza."

Diane akasema neno lililonichoma. "Na nyinyi wazee, mlipohamishia benchi zetu kwenye vumbi la mashine, mlituuliza? Tulikohoa mwaka mzima."

Hapo nikasimama nikasema hata mimi nilijua, nikanyamaza. Kijana mmoja akasema kumbe huyu Mtanzania naye ana akili mnemba, ila yake imekaa begani. Watu wakacheka, hata Mzee Faustini, na mkutano ukalainika.

Tumekubaliana simu ibaki. Lakini kila inachopanga tunakisikia pamoja asubuhi kabla ya msumeno kuwashwa. Mzee anatia chaki, Diane anaipiga picha na kuiingiza kwenye simu, nasi tunaobeba tunasema letu. Hakuna tena kubaki nyumbani kwa sababu ya simu ya vitufe. Nafasi yangu ipo, kwa sasa. Milango tunaitengeneza upya yote, ndiyo maana nimechoka hivi.

Baba, maneno ya Diane yalinirudisha nyumbani. Nikiwa darasa la tano ulinitoa shule nikachome matofali na Baba Mdogo. Hukuniuliza. Sikulaumu, njaa ilikuwepo na ulikuwa na sisi sote wa kulisha. Lakini nililia siku nyingi nyuma ya tanuri, wala hukupata kujua. Sasa wewe na mimi tumekwisha kupanga Neema aache shule akajifunze cherehani kwa shangazi yake Kibondo. Ulisema, nikajibu ndiyo, na hakuna aliyemwuliza. Ndiyo yangu naifuta mpaka tumsikie.

Nisalimie mke wangu, najua kazi za shamba zimemwelemea. Nisalimie Baba Mdogo na mgongo wake, na shangazi wa Kibondo, mwambie asikasirike kama cherehani itangoja.

Neema mwanangu, sasa nasema na wewe unayesoma. Kama umeiruka mistari inayokutaja, rudi uisome, babu yako aisikie. Kisha weka karatasi chini umwambie unachotaka wewe, kwa sauti anayoisikia.

Na wewe Baba, mngoje amalize.

Mwanao wa huku mbali,
Yohana